Tutazame majira kabla ya kuweka tarehe: kuhusu hija ya miguu ya pwani ya Ureno na Galicia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili na wale wanaoandaa hija za miguu kwenda Santiago de Compostela. Mwaka 2027 sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume, yaani tarehe 25 Julai, itaangukia Jumapili, na kwa desturi ya kanisa kuu la huko mwaka wa namna hiyo huwa Mwaka Mtakatifu. Uliopita ulikuwa wa 2021, ukaongezwa hadi mwisho wa 2022 kwa sababu ya korona. Si ajabu basi kwamba vikundi vya parokia na vyama vya kitume vimeanza kuchanga na kupanga safari, na wengi wamevutiwa na njia ya pwani, ile inayoanzia Porto nchini Ureno, ikafuata ukingo wa Bahari ya Atlantiki kuelekea kaskazini, ikavuka mto Minho na kuingia Galicia nchini Uhispania, hata kufika Santiago baada ya kilomita zipatazo 280. Matangazo niliyoyasoma yanataja nauli, malazi, idadi ya siku na uzito wa begi, na karibu yote yanalenga wiki mbili za mwisho za Julai. Hakuna hata moja nililoliona likitaja upepo.

Nimeitembea njia hiyo mara tatu: mara ya kwanza mwishoni mwa Julai nikiwa na kikundi, mara ya pili Novemba nikiwa na ndugu yangu, na mara ya tatu kuanzia wiki ya mwisho ya Mei. Njia ilikuwa ileile, lakini safari zilikuwa tatu tofauti kabisa. Ninaandika kwa sababu najua ni watu gani wanaojiandikisha katika vikundi hivi. Wengi ni wazee wetu, akina mama na akina baba waliostaafu, waliodunduliza akiba kwa miaka, ambao hawatapata nafasi ya kwenda mara ya pili ili kurekebisha makosa ya mara ya kwanza. Ombi langu kwa waandaaji ni kwamba tarehe ya kuondoka ipangwe kwa kufuata majira ya bahari ile, si kwa kufuata sikukuu. Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu hufunguliwa tarehe 31 Desemba ya mwaka unaotangulia na hubaki wazi mwaka mzima wa jubilei. Rehema anayoiendea mhujaji haipungui akifika Juni, wala haizidi akifika tarehe 25 Julai katikati ya msongamano.

Kosa, naona, huanzia kwenye maneno. Tunaposoma kwamba Julai na Agosti ni "majira ya joto" Ulaya, sisi tunaolijua joto tunafikiri tumekwisha kuelewa, nasi tunafungasha nguo nyepesi tukidhani tunakwenda mahali panapofanana na Januari au Februari ya kwetu, wakati wa kaskazi. Jina hilo ni la kweli kwa nchi za bara la Uhispania, lakini kwa ukanda wa pwani kutoka Porto hadi Vigo linapotosha. Wastani wa joto la mchana mjini Porto mwezi Julai ni kama nyuzi 25, na usiku hushuka hadi nyuzi 16 hivi. Hiyo ni hali ya kipupwe, tena kipupwe chenye upepo usiolala. Maji ya bahari katika kilele cha majira hayo ni nyuzi kati ya 16 na 19. Niliona mahujaji wenzangu wakivua viatu kwa furaha ili waloweke miguu, nao wakaitoa haraka mithili ya mtu aliyegusa barafu.

Upepo huo una jina lake kwa wenyeji: huuita nortada, maana yake upepo wa kaskazini. Asili yake ni rahisi kueleweka kwa watu ambao babu zao walisafiri kwa kusi na kaskazi. Kipindi cha Juni hadi Agosti eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa hukaa juu ya Atlantiki karibu na visiwa vya Azores, na wakati huohuo ardhi ya bara la Uhispania na Ureno hupata moto sana, hewa yake ikapanda na kuacha mgandamizo mdogo. Hewa hukimbia kutoka palipo na mgandamizo mkubwa kwenda palipo na mdogo, nao mzunguko wa dunia huipinda, hata inapofika ufukweni inavuma kutoka kaskazini kwenda kusini, sambamba na pwani. Kwa kuwa nguvu yake inategemea jua linalochoma bara, asubuhi huwa dhaifu, mchana huanza kukaza, na alasiri ndipo huwa kali kuliko wakati wowote. Upepo huohuo husukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, nayo maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Hiyo ndiyo sababu ya ubaridi wa bahari, na ndiyo sababu pia ya dagaa wakubwa ambao bandari ya Matosinhos, kilomita chache tu kutoka Porto, imejijengea jina kwa ajili yao.

Sasa mhujaji anaelekea wapi? Anaelekea kaskazini. Mabaharia wetu wana neno kwa hali hiyo, upepo wa mbisho, yaani ule unaokupiga usoni unakokwenda, na hakuna nahodha aliyepata kung'oa nanga kwa hiari yake akijua kwamba kwa siku nane mfululizo atakwenda mbisho. Lakini sisi tulifanya hivyo, kwa miguu, huku tumebeba mizigo mgongoni.

Naomba nieleze siku moja tu ya safari ile ya Julai. Ilikuwa siku ya tatu, tumeshapita Póvoa de Varzim na tunaelekea Esposende. Kiongozi wetu, mtu mwema asiyekuwa na nia mbaya, alikuwa amepanga tuanze kutembea saa tatu asubuhi baada ya misa na kifungua kinywa. Kufikia saa saba mchana tulikuwa Apúlia, mahali penye vinu vya upepo vya mawe vilivyopangwa juu ya vilima vya mchanga vikitazama bahari. Nilivitazama nikajiuliza kwa nini hakuna kati yetu aliyejiuliza kabla ya kuja: watu wa kale hawajengi vinu vya upepo mahali pasipo na upepo. Njia hapo imetandikwa mbao, nayo mchanga ulikuwa ukipita juu ya mbao hizo kama moshi, kwa kimo cha kifundo cha mguu, ukichoma ngozi kila palipokuwa wazi. Hatukuweza kuzungumza bila kupaza sauti. Mama mmoja mtu mzima wa kikundi chetu, ambaye siku mbili za kwanza alikuwa akituongoza kwa nyimbo, alikuwa ameinama, mkono mmoja umeshika kitambaa cha kichwa na mwingine umeshika fimbo, akanivuta karibu na kuniambia, "Mwanangu, kila nikiinua mguu unanirudisha." Tulimzunguka, wawili mbele na mmoja kila upande, tukaenda hivyo kwa zaidi ya saa moja kama watu wanaosindikiza kitanda cha mgonjwa. Jioni macho yake yalikuwa mekundu na midomo imepasuka, na kesho yake alipanda teksi. Hakurudi kutembea hadi tulipofika Redondela. Alilia kwa jambo hilo kuliko alivyolia kwa maumivu, kwa maana alikuwa ameweka nadhiri ya kutembea njia yote.

Yule mama hakuwa mdhaifu. Lau tungeanza saa kumi na mbili asubuhi, kilomita zile zote tungezimaliza kabla upepo haujakaza. Lau tungejua kwamba kwenye pwani ile kuna njia mbili zinazokwenda sambamba, moja iitwayo Senda Litoral inayoambaa na maji, na nyingine, ile inayoitwa hasa Njia ya Pwani, inayopita ndani kidogo kwenye vijiji kama Marinhas, Belinho na Castelo do Neiva, kwenye kuta za mawe na misitu ya mikaratusi inayokinga upepo, tungeziacha mbao siku ile na kuingia ndani. Habari hizo hazikuwa siri. Mwenye hosteli tuliyolala Esposende alishangaa kwamba hatukuzijua. Alituambia kuwa yeye hutazama miti ya nje ya dirisha lake kila asubuhi, kisha huwashauri wageni wapite njia ipi. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa la njia hii, na linafaa kuwa la kwanza katika semina za maandalizi: njia ichaguliwe kila asubuhi kwa kutazama anga, isichaguliwe miezi sita kabla kwa kutazama picha za kuvutia za bahari.

Jua nalo lina hila yake. Sisi tuliokulia karibu na Ikweta tumezoea jua la mchana liwe utosini. Kule, kwenye latitudo ya 41 na 42 kaskazini, jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini, na kwa kuwa mhujaji anakwenda kaskazini, linamchoma kisogoni na nyuma ya miguu, mahali asipopaona na asipopafikiria. Upepo unapoipoza ngozi mtu hasikii kwamba anaungua. Wapo wanaoamini kwamba ngozi nyeusi haiungui. Niliyeandika barua hii nilibambuka ngozi ya shingo kwa wiki mbili. Kofia ya ukingo mpana yenye kamba ya kufungia kidevuni, na kitambaa cha kufunika shingo, ni vitu vidogo, lakini kofia isiyo na kamba ilimtoka mwenzetu mmoja siku ya kwanza kabisa, ikaishia baharini.

Kuna siku ambazo nortada husita. Hapo mambo hugeuka kwa namna mbili. Asubuhi nyingine ukungu mzito hutoka kwenye maji yale baridi na kufunika pwani yote, hata unatembea kwa saa tatu ukiisikia bahari bila kuiona, na nguo zinalowa bila mvua kunyesha. Siku nyingine upepo hugeuka ukatoka mashariki, barani, ukaleta joto kali linaloweza kupita nyuzi 35. Joto hilo humpata mhujaji hasa baada ya Redondela, ambapo njia inaiacha bahari na kuungana na ile inayotoka bara, ikapita Pontevedra, Caldas de Reis na Padrón. Huko kikundi chetu, kilichokuwa kimevaa majaketi siku nne zilizopita, kilijikuta kikitafuta kivuli saa nne asubuhi.

Upepo wa mashariki ndio pia unaoamsha moto wa msituni. Tarehe 15 Oktoba 2017 upepo uliovutwa na kimbunga Ophelia, kilichokuwa kikipita mbali baharini, ulipeperusha moto katika maeneo mengi ya Galicia na Ureno. Ulifika hadi kwenye viunga vya Vigo na kwenye vijiji vya Nigrán, ambavyo viko kandokando ya njia hii ya mahujaji. Watu wanne walipoteza maisha Galicia, na makumi wengine Ureno. Mikaratusi inayompa mhujaji kivuli na harufu nzuri ina mafuta yanayowaka upesi sana. Simwambii mtu asiende kwa kuogopa moto. Nasema kwamba mkuu wa msafara anayeingia misitu ile kati ya Julai na Oktoba awe na desturi ya kusoma tahadhari kila jioni. Ureno tahadhari za hali ya hewa hutolewa na taasisi iitwayo IPMA, Uhispania na AEMET, na zote mbili hutumia rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu, kiasi kwamba hata asiyejua lugha atazielewa.

Sasa niseme juu ya upande wa pili wa mwaka, kwa sababu nimesikia wengine, baada ya kukwepa Julai, wanapendekeza Novemba au Februari kwa kuwa nauli ni nafuu na hosteli hazina watu. Katika miezi hiyo ule mgandamizo mkubwa wa Azores husogea kusini, mlango wa Atlantiki ukaachwa wazi, na mifumo ya mvua huingia mmoja baada ya mwingine ikitokea magharibi. Porto hupata kiasi cha milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na zaidi ya robo tatu ya hizo hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo mvua inavyozidi: Vigo na Santiago hupata karibu nusu tena juu ya hiyo. Dhoruba za huko zimekuwa kubwa na za mara kwa mara kiasi kwamba tangu Desemba 2017 Ureno, Uhispania na Ufaransa huzipa majina kwa pamoja, ili wananchi wazifuatilie kwa urahisi.

Mvua ya Galicia si ya aina moja. Ipo ile wanayoiita orballo, manyunyu membamba yasiyosikika yakianguka, ambayo mtu huyadharau kwa saa nzima kisha akagundua kwamba amelowa hadi shati la ndani. Ipo na ile inayoletwa na upepo wa kusini-magharibi, na hiyo ndiyo iliyotufika mimi na ndugu yangu mwezi Novemba kati ya A Guarda na Oia. Kipande hicho kina urefu wa kilomita 13 hivi, mlima uko kulia na bahari iko kushoto, pasipo mahali pa kujibanza. Upepo safari hii ulikuwa nyuma yetu, jambo ambalo asubuhi tulilishukuru, tusijue kwamba upepo wa nyuma huisukuma mvua ikaingia kati ya mgongo na begi, mahali ambapo mfuko wa kufunikia begi haufiki. Tulipoiona monasteri ya Oia, jengo kubwa la mawe lililosimama ukingoni mwa maji, mawimbi yalikuwa yakipasuka juu ya miamba na povu lake likiruka hadi barabarani. Nguo zilizokuwa ndani ya begi, zile tulizodhani ni kavu, tulizikamua kama dekio. Hosteli mbili za kwanza tulizobisha hodi zilikuwa zimefungwa kwa msimu, kama zinavyofungwa nyingi za watu binafsi kuanzia Novemba. Ya tatu ilitupokea. Mwenye nyumba hakuuliza jambo. Alileta rundo la magazeti ya zamani, akatuonyesha kwa mikono jinsi ya kuyakunja na kuyajaza ndani ya viatu, kisha akarudi mara mbili usiku kuyabadilisha. Asubuhi viatu vilikuwa na unyevu bado, lakini vilivalika.

Siku moja kabla ya hapo tulikuwa tumekwama Caminha, mwisho wa ardhi ya Ureno. Mahujaji wengi huvuka mdomo wa mto Minho kwa mashua ndogo ya injini, mwendo wa dakika chache tu, na waandaaji huliandika jambo hilo katika ratiba kana kwamba ni daraja. Mashua si daraja. Inategemea maji kujaa na kupwa, na inategemea upepo. Mzee wa mashua alituchukua hadi kwenye kingo, akanyoosha kidole kuelekea mahali maji ya mto yanapokutana na bahari, ambapo mistari meupe ya mawimbi ilikuwa ikivunjika mmoja juu ya mwingine mbele ya ngome ya kisiwa cha Ínsua, akatikisa kichwa. Hakutaka fedha yetu. Ilitubidi tuufuate mto kwenda juu hadi Vila Nova de Cerveira, ambako lipo daraja, na siku nzima ikapotea. Kikundi chenye tiketi za ndege za kurudi zisizobadilishika hakiwezi kumudu kupoteza siku kwa namna hiyo, na ndiyo maana kila ratiba ya njia hii, hata ya Juni, inahitaji siku moja ya akiba.

Liko pia suala la mwanga, ambalo sisi wa nchi zenye mchana na usiku vinavyolingana hatulifikirii kabisa. Mwezi Juni pwani ile huwa na mwanga wa jua kwa takriban saa 15. Desemba ni saa 9 tu. Aidha, ukivuka mto Minho unasogeza saa yako mbele kwa saa moja, kwa kuwa Uhispania hufuata saa za Ulaya ya kati ingawa Galicia iko magharibi kabisa. Matokeo yake, mwishoni mwa Desemba jua huchomoza Santiago yapata saa tatu asubuhi, na mwishoni mwa Juni huzama baada ya saa nne usiku. Mhujaji wa Novemba anayetaka kuwahi mvua ya mchana hulazimika kutembea gizani kwenye vichochoro vya mawe yanayoteleza, na zile njia za mbao zilizokuwa na mchanga Julai huwa na ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Ndugu yangu alianguka juu yake mara mbili. Vijito vinavyovukwa kwa madaraja ya chini ya mawe, kama kile cha Neiva, huweza kujaa hata daraja lisionekane, na hapo hakuna ushujaa wa kujaribu. Unarudi, unazunguka kwa barabara ya lami.

Nimebaki na safari ya tatu, na hiyo sina mengi ya kuieleza kwa sababu ilikwenda vizuri. Tulianza wiki ya mwisho ya Mei, tukafika Santiago katikati ya wiki ya pili ya Juni. Siku mbili zilikuwa za mvua, na sitamdanganya mtu kwamba Mei ni kavu. Galicia hunyesha mwezi wowote. Lakini mvua ile ilikuja ikapita. Upepo wa kaskazini ulikuwepo bila ukali wa Julai, nasi tuliondoka alfajiri kila siku na kufika tunakolala kabla ya saa nane mchana. Mashua ilivuka. Hosteli za serikali ya Galicia, ambazo hazipokei nafasi za kuwekwa mapema na ambazo Agosti hupatikana kwa kuwahi foleni, zilikuwa na vitanda jioni. Mwaka 2024 mahujaji waliopewa cheti cha kumaliza njia mjini Santiago, kwa njia zote, walikaribia 500,000, na mtu anaweza kukisia itakuwaje Julai ya Mwaka Mtakatifu.

Kwa hiyo nikiulizwa nitasema: kati ya katikati ya Mei na katikati ya Juni, au Septemba, ambapo nortada imelegea, bahari imepata vuguvugu kidogo na dhoruba za vuli ya Atlantiki bado hazijashika kasi. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno maleleji kwa kipindi kile kati ya pepo mbili, ambapo hakuna inayotawala. Miezi hiyo ndiyo maleleji ya kule. Najua wapo walimu na wazazi ambao likizo yao ni Julai au Agosti na hawana hiari. Kwao ushauri wangu ni kuondoka saa kumi na mbili asubuhi bila kukosa, misa ihamie jioni, na kiongozi awe na ujasiri wa kuiacha njia ya mbao kila miti inapoinama.

Naomba waandaaji wanaosoma gazeti hili, kabla hawajalipia tiketi za mwaka 2027, waongeze mistari michache kwenye matangazo yao: msimu wa safari na hali yake ya upepo na mvua, saa ya kuanza kutembea kila siku, njia mbadala ya ndani kwa kila siku ya pwani, na siku moja ya akiba kwa ajili ya kuvuka Minho. Naomba pia parokia ziwaulize waumini wenye umri mkubwa kama wako tayari kuifuata tarehe nyingine kabla ya kuwapangia ile ya sikukuu. Yule mama wa Apúlia ameniambia kwamba anajiandikisha tena. Nimemwomba asubiri kikundi kinachoondoka Septemba.

Ni mimi msomaji wako,
Mhujaji wa mara tatu